Mwanafunzi wa Piano Amekwama: Dalili, Chanzo na la Kufanya kwa Mwalimu wa Nyumbani

Mwanafunzi akikwama, walimu wengi hukimbilia vidole. Tunaongeza skeli, tunaongeza mazoezi, tunamwambia mzazi "akazane kidogo". Lakini kwa sisi tunaofundisha majumbani hapa Nairobi, iwe ni wewe unayepanda matatu kwenda Donholm na Lang'ata au ni wao wanaokuja sebuleni kwako, chanzo mara nyingi hakiko mkononi. Mimi hukagua hivi: kwanza kinanda, pili kiti, tatu wiki ya mwanafunzi, na vidole mwisho. Sababu yenyewe ni ya kivivu tu. Viwili vya kwanza hukaguliwa kwa dakika chache na hurekebishwa papo hapo, ilhali tabia ya vidole hubadilika kwa miezi.

"Mwalimu, nyumbani niliweza"

Hakuna mwalimu ambaye hajaambiwa hivi, na wengi hudhani ni kisingizio. Anza kwa kuamini kwamba ni kweli. Mtoto anajifunzia kinanda kimoja na anakuja kupiga kingine.

Mwombe mzazi picha kwa WhatsApp: mtoto ameketi mbele ya kinanda, mpigapicha amesimama ubavuni. Picha hiyo moja itakuonyesha idadi ya vibonye, urefu wa kiti, mwanga wa chumba, na kama kinanda kimewekwa mezani au kitandani. (Ndiyo, kitandani. Ni kawaida kuliko unavyodhani.)

Kisha sikiliza kosa lenyewe likoje. Ikiwa nota ni sahihi ila sauti ni hafifu na nyingine hazitoki kabisa, vibonye vya nyumbani ni vyepesi na vidole havijazoea uzito wa piano. Ikiwa nota zilizo karibu anazipata lakini akiruka mbali anakosa, huenda cha nyumbani ni kile kidogo cha watoto chenye vibonye vyembamba, kwa hiyo mkono umejifunza umbali usio sahihi. Akianza wimbo mzima oktava moja chini, kuna jambo dogo ambalo halitajwi sana: kwenye vinanda vingi vya vibonye 61, C ya kati ni ya tatu kutoka kushoto, na kwenye piano ya vibonye 88 ni ya nne. Mtoto aliyezoea kuhesabu "C ya tatu" atakaa pasipo pake na hatajua kwa nini. Mfundishe aitafute kwa kuketi usawa wa katikati ya kinanda, aache kuhesabu kutoka ukingoni.

Kama anapiga kila kitu kwa nguvu moja, bila sauti kubwa wala ndogo, kinanda chake ama hakihisi nguvu ya kidole au kinahisi lakini mtu amezima sehemu hiyo. Vingi vina kitufe chake, na watoto hubofya kila kitufe.

Kuna na dalili ya mtoto mwenye sikio zuri anayekunja uso kila akigusa C, akisema "hii si yenyewe". Angalia kama sauti imehamishwa. Katika nyumba nyingi kinanda kina wenyewe wawili: mtoto wa piano, na kaka au mjomba anayepiga kanisani Jumapili. Huyu wa pili hupandisha au kushusha ufunguo kwa kitufe ili amfuate mwimbaji bila kubadilisha vidole. Jumatatu mtoto anaketi, anabonyeza C na kusikia Eb. Rudisha kwenye sifuri. Vinanda vingine hujirudisha vikizimwa, vingine hukumbuka, kwa hiyo mwonyeshe mtoto mahali pa kuangalia mwenyewe.

Usimshurutishe mzazi anunue piano ya vibonye 88 wiki ya kwanza. Kwangu kiwango cha chini cha kuanzia ni vibonye 61 vya upana wa kawaida, vinavyohisi nguvu ya kidole, pamoja na tundu la pedali. Hicho kitamfikisha mtoto karibu na gredi ya pili ya mitihani ya piano. Baada ya hapo vibonye vyenye uzito si anasa tena, na ni heri umwambie mzazi mapema ili apange pesa zake.

Ukikuta kinanda hakina kasoro, bado sentensi ile inaweza kuwa kweli kwa namna nyingine. Nyumbani aliweza, mara ya tano. Wewe unasikia mara ya kwanza. Mwambie ajirekodi kwa simu kila siku, jaribio la kwanza tu, kabla vidole havijapata joto. Hilo ndilo utakalolisikia darasani na ndilo atakalolisikia mtahini.

Kinanda chenyewe kinasumbua

Pedali inafanya kinyume: ukikanyaga sauti inakatika, ukiachilia inaendelea kulia. Vinanda vingi husoma aina ya pedali wakati wa kuwashwa, na hapo mguu wa mtu ulikuwa juu yake. Zima, ondoa mguu, washa tena. Isipokubali, pindua pedali uangalie chini, kwani baadhi zina swichi ya kugeuza.

Hakuna sauti kabisa, na taa inawaka: kuna kitu kwenye tundu la hedifoni. Mara nyingi si hedifoni yenyewe, ni kile kichwa cha kubadilishia saizi kilichobaki ndani.

Kinanda kimekufa baada ya stima kupotea na kurudi. Kabla ya kuita fundi, jaribu betri au adapta nyingine, kwa sababu adapta ndiyo hufa kwanza. Ukienda Luthuli kutafuta mpya, beba ile ya zamani na linganisha maandishi: volti ziwe sawa, ampea zisiwe pungufu, na ule mchoro mdogo wa jumlisha na toa uwe uleule. Kuingia kwenye tundu hakutoshi. Wafundishe watu wa nyumba kuchomoa stima ikipotea, na kusubiri itulie kabla ya kuchomeka tena.

Piano ya mbao ni habari nyingine, na hapa hali ya hewa ya Nairobi ina neno. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, mbao hunyonya unyevu. Ubao wa sauti huvimba, nyuzi hukazika na sauti hupanda. Jua la Januari na Februari hufanya kinyume. Sehemu ya katikati huhama kuliko ncha, ndiyo maana piano haipandi au kushuka kwa pamoja, bali hugombana yenyewe kwa yenyewe. Msimu huohuo wa mvua ndio vibonye hukwama chini, kwa kuwa vitambaa vidogo vinavyovishikilia navyo vimevimba. Usipulizie mafuta, hata kama jirani ni makanika na ana chupa mkononi. Mafuta huingia kwenye vitambaa na kuleta kazi kubwa zaidi. Angalia kwanza kama kuna sarafu au penseli imeanguka katikati ya vibonye. Kama hakuna, mwite fundi.

Fundi wa piano umpangie baada ya mvua kushika, si siku mbili kabla hazijaanza. Mara mbili kwa mwaka inatosha kwa piano ya kufundishia. Kama piano imekaa miaka bila kuguswa, mtarajie arudi zaidi ya mara moja, kwa sababu nyuzi zikivutwa mbali hadi A ifike hezi 440 (kipimo cha kawaida cha kulinganishia sauti) hazitulii mara ya kwanza. Mwombe pia afungue na kukagua panya na nondo. Vitambaa vya ndani ni vya sufu, nao huvipenda.

Mabega yako masikioni, kiganja kimelala, mkono unachoka

Pima meza. Vibonye vya piano ya kawaida viko karibu sentimita 72 kutoka sakafuni. Meza ya chakula ina karibu sentimita 75, na ukiweka kinanda juu yake vibonye vinafika 80 na zaidi. Mtoto aliyeketi kwenye kiti cha plastiki hapo anapiga kama mtu anayechungulia dirishani. Atainua mabega, atalaza viganja kwenye ukingo, na wewe utapoteza mwezi mzima ukisema "legeza mkono".

Stendi ya kukunjwa ni suluhisho la bei nafuu. Bila hiyo, inua mto wa kiti mpaka viwiko viwe usawa wa vibonye. Sasa miguu inaning'inia, kwa hiyo weka kreti ya soda iliyopinduliwa chini ya nyayo. Mtoto ambaye miguu yake haina pa kukanyaga hujishikilia kwa mikono, na mikono hiyohiyo ndiyo unayotaka iwe huru. Aketi nusu ya mbele ya kiti, asiegemee.

Kwa watu wazima, angalia kucha. Kucha ndefu za bandia hulazimisha kidole kilale bapa, na hakuna zoezi litakalorekebisha hilo. Sema mapema, kwa upole, siku ya kwanza. Ni rahisi kuliko kusema mwezi wa tatu baada ya yeye kulipia kucha saluni.

Kidole cha pete kinachogoma kuinuka peke yake hakina ugonjwa. Kano zake, zile kamba zinazokivuta, zimeungana na za jirani zake nyuma ya kiganja. Usimfanyie mtoto mazoezi ya kukiinua kwa nguvu. Mwache mkono mzima usaidie kukisukuma. Lakini maumivu yanayobaki baada ya mazoezi, au ganzi ya vidole, si ya kuvumiliwa. Asimamishe mazoezi, na yakiendelea aende akamwone daktari.

Hafanyi mazoezi

Kabla ya kusema ni mvivu, uliza kinanda kinakaa wapi. Nyumba za kupanga ni ndogo, na vinanda vingi huishia juu ya kabati au chini ya kitanda ndani ya boksi lake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ni kweli, lakini mtoto wa miaka saba hatainama kila jioni, avute boksi, atafute waya, aombe soketi iliyoshikwa na pasi. Kinanda kilichosimama tayari sebuleni, kimefunikwa leso tu, hupigwa zaidi kuliko kizuri kilichofichwa.

Kisha uliza saa. Watoto wengi hapa hupandishwa basi la shule kabla jua halijachomoza na kurudi jioni wakiwa na kazi ya shule. Ukisema "nusu saa kila siku" umetoa agizo ambalo nyumba haiwezi kulitimiza, na mzazi atakudanganya kwa adabu. Dakika kumi kila siku, zilizofungwa kwenye jambo ambalo tayari hutokea, zina faida kuliko saa nzima ya Jumamosi: baada ya chai ya jioni kabla ya kuoga, kwa mfano. Na mara nyingi aliye nyumbani saa hiyo si mzazi, ni dada anayesaidia nyumbani. Zungumza naye. Mweleze kwa maneno machache anachopaswa kusikia: "Mistari hii miwili, mara tatu, polepole." Hahitaji kujua nota. Wazazi wengine hushangaa kuona mwalimu anamtambua dada, na mtoto pia huona kwamba mazoezi ni jambo la nyumba nzima.

Majirani nao wamo. Kwenye gorofa, kelele inayolalamikiwa mara nyingi si muziki, ni mgongano wa vibonye na pedali unaoshuka sakafuni, na hedifoni haiuondoi. Kipande cha zulia nene au mkeka wa mpira chini ya stendi husaidia.

Mtu mzima asiyefanya mazoezi ana sababu nyingine ambayo hataitaja: anaona haya kusikika. Wanawe wanapiga vizuri kumliko na jirani anasikia. Hedifoni kwake ni dawa. Mpe pia kazi ndogo isiyohitaji kinanda, kama kupiga makofi ya mapigo ya mstari mmoja akiwa kwenye foleni ya magari Mombasa Road. Muda huo anao wa kutosha.

Akikosea anarudi mwanzo

Dalili: vipimo vinne vya kwanza (visehemu vilivyo kati ya mistari ya wima kwenye nota) vinang'aa, cha tisa hakijawahi kusikika vizuri. Kila akiteleza anarudi juu. Ukihesabu, mwanzo umepigwa mara nyingi na mwisho haujapigwa. Chanzo ni namna ya kufanya mazoezi, na chanzo cha namna hiyo mara nyingi ni sisi tunaosema "tena, toka mwanzo".

Gawanya wimbo kwa penseli: 1, 2, 3, 4, kila sehemu ya vipimo viwili au vinne. Wiki hii aanze na sehemu ya 4, kisha 3 na 4, kisha 2, 3 na 4. Atakuwa akielekea kila mara mahali anapopajua. Darasani taja namba ovyo, "tatu!", naye aanzie hapo bila kujiandaa. Kisha weka kanuni mbili tofauti na uzitaje wazi kila mara kabla hajaanza kupiga. Katika kutengeneza, anasimama kwenye kosa na kulirekebisha hapo hapo, si juu. Katika kupiga mbele za watu, hasimami hata nyumba ikiungua. Mtoto asiyejua yuko katika hali gani atachanganya zote mbili.

Anapiga vizuri lakini hasomi nota

Kuna aina mbili na zinafanana kwa nje tu.

Ya kwanza ni mtoto anayeangalia vidole vyako, au video za vipande vinavyodondoka juu ya vibonye, au herufi zilizobandikwa kwa stika. Akiwa na stika hana sababu ya kuangalia karatasi. Usizing'oe zote siku moja. Bakiza C na F kwa wiki mbili, kisha uondoe. Namba za vidole ulizoandika juu ya kila nota nazo ni stika za aina nyingine. Acha ile ya kwanza na zile za mkono unapohama.

Ya pili ni mtu mzima aliyetoka kwaya. Huyu si mjinga wa nota hata kidogo. Ukimpa karatasi ya solfa anaimba sauti ya tatu bila kuisikia kabla. Ukimpa nota za mistari mitano anakwama kama mtoto wa darasa la kwanza, na anaanza kudhani umri umempita. Shida ni kwamba solfa ya makanisa yetu huhama. "Do ni G" imeandikwa juu ya karatasi, na kuanzia hapo yeye husoma uhusiano: do, mi, so. Mistari mitano inamtaka ataje kibonye chenyewe. Walimu wengi humwambia asahau solfa. Huo ni uharibifu wa mali.

Mweke kwenye G. Mkono wa kulia, vidole vitano: G A B C D. Mwambie aimbe d r m f s huku akipiga. Sasa mwonyeshe nota hizohizo kwenye mistari, azione zikipanda: mstari, nafasi, mstari, nafasi. Kutoka mstari hadi mstari unaofuata ni kama do hadi mi, umbali ambao sikio lake linaujua tayari. Baada ya hapo mpandishe hadi oktava. Atafika kwenye F na kupiga kibonye cheupe, kwa sababu kwa macho ni F, kisha atasita mwenyewe: sikio linataka "ti" na limepata kitu kilichoshuka. Usimwambie jibu. Mwache atafute, atagusa cheusi, na hapo ndipo alama ya shapu (#, ya kupandisha sauti nusu) iliyo mwanzo wa mstari itakuwa na maana kwake. Mtoto wa miaka minane hukariri shapu hiyo kwa mwaka; mwanakwaya huipata kwa jioni moja.

Mapigo pia anayo. Katika solfa nukta mbili hutenganisha mapigo na nukta moja hugawa pigo katikati. Andika mstari mmoja kwa njia zote mbili, moja juu ya nyingine, na umwache alinganishe.

Mikono miwili haikubaliani

Kila mkono peke yake uko sawa kwa kasi ya mapigo 100 kwa dakika, pamoja yote yanaporomoka. Umeiruhusu mikono ikimbie kabla ya kukutana. Iunganishe ingali polepole, kipimo kimoja tu, na mkono wa kushoto utangulie kujifunzwa maana ndio unaopuuzwa. Akipata kipimo hicho mara tatu mfululizo, ongeza kinachofuata.

Mtihani umekwenda vibaya, na nyimbo alizijua

Wengi hapa hufanya ile ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki. Katika gredi za kawaida alama ni 150, kufaulu ni 100. Nyimbo tatu zina alama 30 kila moja, skeli 21, kusoma nota papo hapo 21, majaribio ya sikio 18. Fanya hesabu: hata akipiga nyimbo zote bila doa, 90 hazifikishi 100. Mwanafunzi aliyekaa mwaka mzima na nyimbo tatu peke yake amejiandaa kwa sehemu tu ya karatasi. Ingiza kusoma nota mpya kila somo, mistari miwili ambayo hataiona tena, kuanzia mwezi wa kwanza. Na mzazi anayetaka mtoto avuke gredi ya tano ajulishwe mapema kuhusu sharti la nadharia ya gredi ya tano kabla ya kwenda ya sita. Hilo huwashtua wengi wakati usajili unakaribia kufungwa.

Masomo yanakatika, malipo yanachelewa

Hii ni dalili ya makubaliano yasiyoandikwa. Malipo kwa M-Pesa kabla ya mwezi kuanza, somo lililoahirishwa chini ya saa 24 limehesabiwa, mvua kubwa au barabara kufungwa tunafanya kwa video au tunasogeza. Mistari minne kwenye ujumbe inatosha. Muhula wa tatu, wa mitihani ya shule, panga mapema masomo mafupi badala ya kungoja mzazi amtoe mtoto. Katika nyumba ya mtu, fundisha mlango ukiwa wazi na mtu mzima akiwa karibu. Asipokuwepo, usianze.

Umekagua yote na bado

Angalia kama mtoto anasogeza uso kwenye karatasi au anakunja macho. Akapimwe macho kwanza. Kama macho ni mazima, zungumza na mtoto wakati mzazi yuko jikoni, umuulize ni nani aliyechagua piano. Ukiambiwa "mama" na macho yanatazama gitaa lililo ukutani, una jibu. Kenya Conservatoire of Music, iliyoko hapa mjini tangu 1944, inafundisha ala nyingine, na walimu binafsi wa gitaa wapo wengi. Mweleze mzazi bila kuzunguka, mpe njia ya kumpata mwalimu mwingine, na umrudishie pesa za masomo yaliyobaki.